Anatafutwa wa Nne

Nilitoka eda Jumatano.
Alhamisi kikaja kifurushi kutoka Doha:
vibao viwili, vipana kama miko ya arusi,
na mipira mitatu ya manjano, yote matundu matundu,
kana kwamba panya wameifanyia karamu.
"Ni pikoboli, Mama," asema Raiha kwenye simu.
"Magoti yako yatashukuru. Tafuta uwanja, tafuta watu."
Akakata. Mji mzima ukabaki mikononi mwangu.

Haya, uwanja.
Kizingo, askari wa klabu alitazama buibui langu,
akatazama kibao,
akaniuliza kadi ya uanachama
kwa sauti ya mtu anayelijua jibu.
Tononoka, kandanda imekula kila unyasi.
Makadara, vijana wa kahawa walinipisha kwa adabu
wakangoja nigeuke ili wacheke.
Nikageuka.
Wakacheka.
Nyali viwanja vipo, vya buluu, vina na taa;
saa moja ni mchuzi wangu wa wiki.
Nikalivuka daraja kurudi, kibao kwapani
kama mtu aliyeenda posa akakataliwa.

Watu nao hawatafutwi. Huokotwa.
Baya wa Jomvu aliniona kwenye kioo cha tuktuk yake.
"Hicho si cha tenisi ya meza?"
"Ni kakake," nikamwambia, "aliyekula akashiba."
Alicheka mpaka akapitiliza kona,
na nauli hakuichukua.
Hasmukhbhai wa vipuri, miaka sabini na mbili,
zamani bingwa wa vinyoya mtaani kwao, kwa kauli yake mwenyewe,
ana godauni Shimanzi, tupu
tangu makontena yalipojifunza kupanda treni.
"Popo hawalipi kodi," alisema. "Njooni."

Tukapima kwa tepu ya cherehani,
futi arubaini na nne kwa ishirini,
Baya kapiga magoti na chaki,
Hasmukhbhai akisahihisha kila mstari, hata ulionyooka.
Wavu ni chandarua cha marehemu.
Nilikikunja mara nne, nikakishona kingo.
Katikati kimelegea inchi mbili,
nikaona haya,
kumbe sheria ndivyo itakavyo.

Sheria alitusomea Raiha kwa spika ya simu.
Futi saba kila upande wa wavu paitwa jikoni.
Ukiwa jikoni, mpira wa hewani usiupige.
Nikamwambia rudia.
Akarudia.
Miaka thelathini na mmoja nimesimama jikoni
nikipiga kila kilichokuja hewani:
wageni wa ghafla, hasira za watu, bei ya unga,
hakuna kilichowahi kugusa sakafu.
Leo mstari wa chaki waniambia, wewe,
acha kidunde kwanza.

To. To. To.
Bati lairudisha kila sauti mara mbili.
Nakosa zaidi ya ninavyopata.
Na kuhesabu kwake nako ni kwa ajabu, mchezo waanza
"sifuri, sifuri, mbili":
hatuna kitu, hawana kitu,
na anayepiga huitwa wa pili,
kana kwamba wa kwanza keshamaliza zamu yake
akaenda zake.
Siku ya kwanza kulitamka nilinyamaza kidogo.
Baya akadhani nimesahau.

Sasa tuko watatu na mchezo wataka wanne.
Awino wa wodi ya watoto alikuja mara mbili,
mkono mwepesi, macho makali,
wakampangia usiku.
Shemeji alikuja kutazama. Alitazama sana,
akaondoka na maneno.
Yapo Majengo hivi sasa, yananitangulia kila nyumba.

Basi ukipita Shimanzi Jumamosi baada ya alasiri
ukasikia to, to, na mzee akibishana na mstari,
geti lina kutu, lisukume kwa bega.
Vaa viatu vya mpira.
Kibao usihofu, Baya kachonga viwili vya plaiwudi.
Kimoja kizito kidogo.
Hicho ndicho chako.